Samaki Anayezima Figo: Usingizi wa Wanyama na Tiba ya Binadamu



Uwanda wetu wa Ufipa uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua kule bondeni, Muze au Mtowisa, hana budi kupandishwa ukingo wa Lyamba lya Mfipa ndipo afike hospitalini Sumbawanga. Wa Kirando au Wampembe anatoka mwambao wa Ziwa Tanganyika, naye ana milima yake. Mara nyingi ujuzi wa kumwokoa upo. Muda ndio haupo. Wapo viumbe wanaojua kuurefusha.

Ziwa Tanganyika lina kambare mamba, ambaye ndugu zetu wa Ziwa Viktoria humwita kamongo. Ana mapafu. Kinamasi kikikauka hujichimbia topeni, akajizungushia ute unaokauka ukawa ganda, akabakiza kitundu cha kupumulia. Hukaa humo miezi mingi bila kula wala kunywa, moyo ukipiga polepole, mwili ukijilisha misuli yake wenyewe. Lakini kinachonishangaza kuliko yote ni figo: zinaacha kutengeneza mkojo. Amonia, ambayo ni sumu kali, hugeuzwa urea, na urea hurundikana kwa kiwango ambacho binadamu hakihimili. Mvua zikirudi, figo zinaamka, na urea hutolewa mwilini.

Mgonjwa wetu ambaye figo zimesimama, asipopata mashine ya kusafisha damu, ana siku au wiki chache tu. Tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kutunyima usingizi.

Ilimnyima usingizi Homer Smith wa Chuo Kikuu cha New York, aliyefunga safari mwaka 1928 hadi Ziwa Viktoria kumfuata samaki huyu. Kwake, figo ya samaki na figo ya binadamu zilikuwa swali moja. Katika miaka ya 1930 alikuwa miongoni mwa walioweka njia ya kupima, kwa kutumia inulini, figo zinachuja kiasi gani kwa dakika. Daktari anapomwambia mgonjwa leo kwamba figo zake zimebaki na uwezo kiasi fulani, anatumia wazo hilohilo.

Kisha akaja Henry Swan, daktari mpasuaji wa Colorado, ambaye miaka ya 1950 alikuwa akipoza miili ya wagonjwa ili apate nafasi ya kuufungua moyo. Mwaka 1968 yeye na wenzake walieleza katika jarida la Nature kwamba kimiminika kilichotolewa katika ubongo wa kambare mamba kilipunguza matumizi ya nguvu katika miili ya panya. Mwaka 2020 watafiti wa Japani walionyesha kuwa seli fulani za ubongo zikichochewa, hata panya wa jamii ambayo kwa kawaida hailali usingizi mrefu wa kupunguza matumizi ya nguvu huingia katika hali inayofanana na usingizi huo.

Nisieleweke vibaya: sisemi tuwapoze wagonjwa wetu. Mtoto mchanga wa Sumbawanga mwezi Juni anahitaji joto la kifua cha mama yake. Kupoza watoto waliokosa hewa wakati wa kuzaliwa kumesaidia katika nchi tajiri, lakini utafiti uliochapishwa 2021, wa watoto 408 wa India, Sri Lanka na Bangladesh, ulikuta waliopozwa wakifa zaidi. Nadhani sababu mojawapo ya kuwa waangalifu ni hii: mnyama anayelala usingizi mrefu wa baridi hupunguza kwanza mahitaji ya mwili, ndipo ubaridi unafuata. Sisi tunaanza na ubaridi, na mwili unapigana nao.

Kabla ya kumpoza mtu inabidi tumwelewe mnyama; ndiyo maana naomba kazi ya kumchunguza kambare mamba ifanyike hapa kwetu. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI) ina kituo Kigoma. Maabara ya hospitali inayopima urea katika damu ya mgonjwa inaweza kupima damu ya kambare mamba. Na wavuvi wa Tanganyika ndio wa kuulizwa kwanza ni kinamasi kipi hukauka, na lini.