Mali Bila Daftari: Machache Juu ya Wahasibu, na Juu ya Kusomea Uhasibu Ukubwani

(Maelezo yaliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, ukumbi wa shule)



Kamati imeniomba niseme juu ya mambo mawili. La kwanza ni namna ya kufanya kazi na wahasibu bila kugombana nao. La pili ni kama inafaa mtu aliyekwisha pita miaka arobaini arudi darasani kusomea uhasibu. Nadhani nimechaguliwa kwa sababu nimekaa miaka mingi Serikalini upande wa mipango, yaani upande unaoomba fedha, na kwa miaka miwili sasa nasoma jioni kazi ya upande unaozitoa. Basi nitasema kama mtu aliyesimama pande zote mbili za dirisha la malipo.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Sisi huchukua methali hiyo kuwa onyo kwa wezi na wazembe. Mimi naiona kuwa ni kinga ya mtu mwaminifu. Mwizi hahitaji daftari, anafurahi likikosekana. Anayelihitaji ni yule asiyechukua senti ya mtu, kwa sababu siku akiulizwa, uaminifu wake peke yake hauna shahidi. Nitarudi kwenye jambo hili, maana linahusu umoja wetu huu.

Kwanza tuchukue mfano wa kila siku. Afisa anakwenda safari ya siku tano vijijini. Anapewa masurufu ya shilingi 1,200,000 kwa ajili ya mafuta, kukodi ukumbi na chakula cha wajumbe. Kwa maoni yake fedha hizo zimekwisha toka, zimekwenda kazini. Lakini katika vitabu vya mhasibu hazijatumika hata senti moja. Kilichotokea ni kwamba fedha taslimu zimepungua kwa shilingi 1,200,000, na upande wa pili wa leja limeandikwa jina la afisa huyo kuwa anadaiwa shilingi 1,200,000. Kila tendo la fedha lina pande mbili, na pande hizo lazima zilingane. Afisa akirudi na stakabadhi za shilingi 1,050,000, na akarudisha benki shilingi 150,000 zilizobaki, ndipo jina lake linapofutwa: sehemu moja imekuwa matumizi, nyingine imerudi kuwa fedha. Akirudi na hadithi nzuri ya safari bila karatasi, jina linabaki pale pale.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mhasibu anapokusimamisha koridoni kukuuliza marejesho, hakuchukii. Wala hasemi kuwa umekula. Anasema jina lako bado limekaa katika kitabu chake kama deni, na yeye hana ruhusa ya kulifuta kwa sababu anakufahamu au kwa sababu mlisoma pamoja.

Utaratibu huu wa pande mbili haukuanza jana. Wafanyabiashara wa Italia waliutumia kwa muda mrefu, na mwaka 1494 mtawa aliyeitwa Luca Pacioli akaueleza katika kitabu kilichopigwa chapa Venice. Ukiulinganisha na daftari la mwenye duka wa mtaani, lile lililoandikwa "Fulani, sukari kilo mbili", utaona tofauti. Daftari la duka linasema nani anadaiwa. Halisemi sukari ilinunuliwa kwa fedha ipi, wala imebaki kiasi gani. Ndiyo sababu mwenye duka anaweza kuwa na wadeni hamsini na bado asijue kama anapata faida au hasara.

Ugomvi wa pili ni juu ya kasma. Mkuu wa idara anasema, "Fedha zipo, nimeona salio." Mhasibu anajibu, "Kasma hiyo haina fedha." Wote wawili wanasema kweli. Fedha za umma huidhinishwa na Bunge kwa kazi zilizotajwa, na kila kazi ina kasma yake. Fedha iliyoidhinishwa kununua mafuta ya magari haiwezi kununua viti kwa sababu tu viti vimevunjika. Kuna njia halali ya kuhamisha, lakini ina barua yake na kibali chake. Mhasibu akikataa kulipa, mara nyingi anakulinda wewe na Afisa Masuuli, ambaye ndiye sheria inamtaka ajibu.

Tena tukumbuke safari ya karatasi. Mwaka wa fedha wa Serikali yetu huanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni. Baada ya hapo kuna miezi mitatu ya kufunga hesabu na kuzipeleka kwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu. Taarifa yake humfikia Rais mwishoni mwa Machi, na kwa mujibu wa ibara ya 143 ya Katiba ya mwaka 1977 huwekwa mbele ya Bunge. Stakabadhi uliyoiona ndogo mwezi Oktoba inaweza kuwa hoja Dodoma baada ya mwaka mmoja na nusu, wakati ambapo wewe umehamishwa mkoa na dereva aliyekuwa shahidi wako amestaafu.

Lakini wahasibu waliomo humu wasidhani nimekuja kuwapamba. Wapo miongoni mwao wanaorudisha hati ya malipo leo kwa kukosa sahihi, kesho kwa kukosa namba ya kasma, keshokutwa kwa kukosa mhuri. Kasoro zote tatu zilionekana siku ya kwanza. Wapo pia wanaojificha nyuma ya lugha ngumu, ukiwauliza swali la maana wanakujibu kwa namba ya waraka. Huko si kulinda fedha za umma. Ni kulinda kiti. Mhasibu mzuri hukuambia siku ya kwanza yote yanayopungua, na hukueleza sababu kwa maneno ambayo hata mlinzi wa mlangoni angeyaelewa.

Kutokana na hayo nawapa mashauri manne. Mshirikisheni mhasibu wakati wa kupanga kazi, msimngoje wakati wa kulipa. Kabla ya kusafiri mwulizeni, "Nikuletee karatasi zipi?" Swali hilo moja huokoa wiki tatu za malumbano. Wekeni nakala ya kila mlichokabidhi, chenye sahihi ya aliyepokea. Na la nne, msimwombe kamwe mhasibu aandike tarehe ambayo siyo. Tarehe ya uongo ni jambo dogo siku inapoandikwa, nalo hukua kila mwaka.

Sasa nakuja kwenye jambo la pili. Baadhi yenu mmeniuliza pembeni, "Ndugu, kwa umri wetu huu, inawezekana?" Wengine mmenikumbusha kuwa samaki hukunjwa angali mbichi. Nawajibu kuwa methali hiyo ilisemwa juu ya malezi ya watoto. Haikusemwa juu ya mtu mzima anayejua kwa nini anasoma.

Tukumbuke fani hii ilivyojengwa nchini. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, mabenki na makampuni makubwa yaliingia mikononi mwa umma, na wahasibu wazalendo walikuwa wachache mno. Mwaka 1972 ikatungwa Sheria Na. 33 iliyoanzisha Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA. Mwaka huo huo kikaanzishwa Chuo cha Usimamizi wa Fedha, Dar es Salaam. Chuo cha Uhasibu Arusha kikafuata mwaka 1990. Leo iko pia Taasisi ya Uhasibu Tanzania yenye matawi mikoani. Kwa hiyo mwenye nia hakosi mlango.

Lakini aingie akijua bei yake. Mwenye shahada ya fani nyingine, kama mimi, asitarajie kusamehewa mitihani mingi. Anayesamehewa ni yule aliyesoma uhasibu chuoni. Kuna uhasibu wa fedha, hesabu za gharama, kodi, sheria za biashara, takwimu na ukaguzi. Tena kufaulu mitihani hakutoshi. Bodi inataka na uzoefu wa kazi yenyewe kabla ya kumwandikisha mtu kuwa CPA. Hii ni miaka kadhaa ya jioni ambazo hutakuwa nyumbani, na ada ambayo pengine ilikuwa ya mtoto. Jambo hili lizungumzwe na mama watoto kabla ya kujaza fomu.

Serikalini nako, kubadili kada kunahitaji kibali cha mwajiri, na mtu asitarajie kwamba cheo chake cha sasa kitamfuata. Anayesoma kwa tamaa ya kupanda haraka atavunjika moyo. Piga hesabu mwenyewe: kustaafu kwa hiari ni miaka 55, kwa lazima ni 60. Mwenye miaka 44 ana miaka 16 mbele yake. Akitumia mitano kusoma na kupata uzoefu, amebakiwa na kumi na mmoja. Hiyo si michache, lakini si ya kupoteza.

Mnaogopa hesabu? Sehemu kubwa ni kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya na asilimia, mambo tuliyofundishwa hata kabla ya kufika shule hii. Kigumu ni kuamua: je, hili ni matumizi au ni mali? Deni hili litalipika au tulihesabu kuwa limepotea? Na hapo ndipo umri unaposaidia. Darasani kwetu wengi ni vijana wanaoniita Mzee, na kwa kasi ya kalamu wananipita mbali. Siku moja tulipewa swali la madawati 200 yaliyomo kitabuni na 163 yanayoonekana shuleni. Vijana walikwenda moja kwa moja kwenye kuandika hasara. Sisi watu wazima watatu tuliuliza kwanza kama shule jirani haikuazima, kama mengine hayako kwa fundi, na nani ana ufunguo wa stoo. Mwalimu alisema maswali hayo ndiyo ukaguzi wenyewe. Vijana wanazijua kanuni; sisi tunaijua stoo. Darasa linahitaji wote wawili.

Wapo wanaosema kompyuta itamaliza kazi hii. Ni kweli kwamba malipo ya Serikali leo hupita katika mfumo uitwao MUSE, na mashine hujumlisha bila kuchoka. Lakini mashine haiendi stoo kuhesabu madawati, wala haiwezi kumtazama mtu usoni ikamwambia, "Hili sitalisaini." Kazi hiyo imebaki ya mtu.

Na hata asiyetaka kufika mwisho wa mitihani, elimu ya msingi tu itamfaa baada ya kustaafu. Parokia, msikiti, chama cha kuweka na kukopa, kamati ya maji: kote huko anatafutwa mstaafu wa kuaminika awe mweka hazina. Wanamtaka kwa sababu ya mvi zake. Mvi hazisomeki kwenye ukaguzi.

Ndugu Mwenyekiti, hapo ndipo nifikie umoja wetu. Sote tunakumbuka michango ya paa la bweni. Fedha zilitolewa kwa mikono, kwa simu, na nyingine ndani ya bahasha siku ya mazishi ya mwenzetu. Paa limeezekwa, tumeliona asubuhi hii. Ndugu aliyeshika fedha simjui kwa wizi tangu tukiwa Kidato cha Kwanza, na sidhani kama yumo humu anayeamini kuwa aliiba. Lakini alipoulizwa jumla hakuwa na kitabu, na kwa sababu hakuwa na kitabu maneno yakaanza. Leo wapo watu wawili waliolala kitanda cha juu na cha chini kwa miaka minne, ambao wameingia ukumbini kwa milango tofauti. Kosa si lake peke yake. Tulimpa mzigo wa fedha bila kumpa daftari, bila msaidizi, bila mtu wa kumkagua. Tulimwacha bila shahidi.

Mwaka huu Kamati inataka tuchangie maktaba. Kabla shilingi ya kwanza haijatoka mfukoni, naomba mkutano upitishe mambo manne. Fedha zote zipite katika akaunti ya benki ya umoja. Kila kutoa kuwe na sahihi mbili. Kila mchangiaji apate stakabadhi yenye namba. Na hesabu zisomwe hapa kila mwaka, zikiwa zimekaguliwa na mwanachama asiyekuwa kwenye Kamati. Wahasibu tunao humu ukumbini. Naomba wawili wajitolee kabla hatujaenda kula.

Naomba pia wawili hao waanze na karatasi za lile paa la bweni, chochote kitakachopatikana: risiti za mabati, ujumbe wa simu, bahasha. Pengine haitatimia hadi senti ya mwisho. Lakini ndugu yetu atakuwa na ukurasa wa kuonyesha, na mwenzake atakuwa na sababu ya kwenda kumpa mkono.