Mcheza Kwao Hutuzwa: Karo kwa Mwanafunzi Anayethubutu

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Mkongani)

Hatukuja na pesa. Tumekuja na swali: tunapochanga karo, huwa tunamtuza mtoto kwa sababu gani?

Jibu tunalijua sote. Kwanza tunatazama alama. Pili tunatazama shida ya nyumbani. Ndivyo zinavyotolewa basari nyingi, ile ya eneo bunge iliyokuja na CDF mwaka 2003, na Wings to Fly iliyoanza 2010. Hatuzipingi. Zimesomesha watoto wengi wa maskini. Lakini yuko mtoto ambaye mizani hiyo haimpimi. Ni yule anayeona tatizo la kijiji, akajaribu kulitatua kwa akili yake, akashindwa, akajaribu tena. Huyo mara nyingi tuzo yake ni fimbo.

Kijana wa Kitengela

Hebu tumtazame Richard Turere, kijana wa Kimaasai wa Kitengela, kusini mwa mbuga ya Nairobi. Upande ule mbuga haina ua, na simba walikuwa wakiingia maboma usiku kula ng'ombe. Richard ndiye aliyechunga ng'ombe wa babake. Alijaribu moto, kumbe moto uliwasaidia simba kuona ndani ya boma. Akasimamisha sanamu ya mtu. Siku ya kwanza simba wakarudi nyuma. Siku ya pili wakaona haitembei, wakaingia wakaua.

Usiku mmoja akazunguka boma na tochi, simba wasije. Akagundua kwamba wanaogopa mwanga unaotembea. Basi akachukua betri kuukuu ya gari, kisanduku cha indiketa ya pikipiki, balbu za tochi zilizovunjika na paneli ya sola. Akazipanga taa zikawa zinawaka na kuzima kwa zamu, kana kwamba mtu anatembea, naye yuko kitandani amelala. Alikuwa na miaka 11. Majirani, hata nyanya mmoja aliyekuwa amepoteza mifugo, wakaja kumwomba awafungie taa kama zile.

Kwa sababu ya taa hizo alipata ufadhili wa kusoma shule ya Brookhouse, Nairobi, na mwaka 2013 akaalikwa California, Marekani, kueleza kazi yake. Hapo alisema jambo moja la kuchekesha: aliwahi kuifungua redio mpya ya mamake aone ilivyo ndani, na mama karibu amuue! Jamani, tuulizane. Kama siku ile kijana angevunjwa moyo kabisa, taa zingetoka wapi?

Si yeye peke yake. Kule Malawi, William Kamkwamba aliacha shule mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa kukosa karo, wakati wa njaa kubwa. Akawa anasoma vitabu katika maktaba ya shule ya msingi. Kwa miti, vipande vya baiskeli na vyuma chakavu akajenga kinu cha upepo cha kuwasha taa nyumbani kwao. Watu walisema amerukwa na akili. Mwaka 2007 aliitwa Arusha kueleza alivyofanya, wafadhili wakajitokeza, akarudi shuleni. Mwaka 2014 alihitimu Chuo Kikuu cha Dartmouth, Marekani.

Nani hubeba hasara?

Sasa turudi kwetu. Ndovu wa Shimba Hills wanatujua kwa majina. Mahindi yakikaribia kukomaa, tunalinda usiku kucha na madebe na tochi, na mtoto anakwenda shule na usingizi. Hatusemi taa za Kitengela zitawafukuza ndovu, zilitengenezewa simba. Tunasema tatizo lipo mlangoni kwetu, na watoto wenye macho wapo.

Kwa nini hawajaribu? Si kwamba hawana akili. Mtoto wa tajiri akiharibu redio, babake hununua nyingine. Mtoto wetu akiharibu redio, nyumba nzima inakosa habari mwaka mzima. Akiomba robo ya shamba ajaribu mbegu au mtego mpya wa maji ya mvua, na isifaulu, familia inalala njaa. Maskini anaogopa kujaribu kwa sababu hasara yote ni yake peke yake.

Hapo ndipo kazi ya kikundi. Kikundi ni nini, kama si watu kubeba pamoja mzigo ambao mmoja hawezi? Tunachangiana mazishi, tunachangiana hospitali. Basi na hasara ya mtoto anayejaribu tuigawane.

Tunavyopendekeza

Wanakikundi 30 wakitoa shilingi 50 kila mwezi, kwa mwaka ni shilingi 18,000. Hazitoshi kumaliza chuo, lakini zinaweza kumfungulia mlango mhitimu mmoja katika chuo cha ufundi, au kumnunulia mwanafunzi vifaa na nauli ya kupeleka kazi yake kwenye mashindano ya sayansi ya shule za sekondari. Tufanye hivi:

1. Tuulize: aliona tatizo gani? Liwe la kweli, la hapa kwetu.

2. Tuulize: alishindwa wapi, na baada ya hapo akabadilisha nini? Asiyeweza kueleza alivyoshindwa huenda kazi si yake.

3. Tutazame usalama. Kuthubutu si kujitupa. Mtoto anayefunga waya wa stima kwenye ua, au anayemfuata ndovu gizani, tumzuie, tusimtuze. Richard alitumia akili ili asikutane na simba.

4. Wasichana wasisahauliwe. Anayechota maji kabla na baada ya shule atapata saa ngapi ya kujaribu? Wazazi wampe nafasi.

5. Jamaa wa mwombaji asikae kwenye kamati siku hiyo. Pesa zilipwe moja kwa moja chuoni au dukani, na mweka hazina asome hesabu mbele ya wote.

Mtu atasema: “Mbona tumpe aliyeshindwa, na huyu mwenye alama nzuri amekosa karo?” Ni neno la haki. Hatusemi basari ya wahitaji ivunjwe. Tunasema ufunguliwe mfuko wa pili, mdogo, wenye jina lake, usichanganywe na ule wa kwanza. Na kama mwaka huu hakuna anayestahili, pesa zingoje mwaka ujao. Tusitoe kwa kuoneana haya.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Watoto hawa wanachezea kwao. Tusingoje mpaka mgeni awaone kwanza.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Ni mtoto gani hapa kijijini aliyewahi kujaribu jambo jipya? Tulimfanyia nini?

2. Mfuko wetu unaweza kubeba hasara ya kiasi gani kwa mwaka bila kuvunjika?

3. Tutachagua watu gani watatu wa kuwasikiliza wanafunzi muhula ujao?