Mlinzi Bora ni Mwenyeji

(Hotuba kwa mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa nizungumzie mazingira. Kwa kuwa mimi ni mtu wa Ikombe, huenda mlitazamia Ziwa Nyasa. Nitafika huko, lakini kwanza naomba twende Mafia, nilikofanya kazi kwa miaka kadhaa.

Huko bahari ilikuwa imeumia. Watu walivua kwa baruti, walichimba matumbawe wapate chokaa, na walifukua mayai ya kasa. Mwaka 1995 Serikali ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza nchini, yenye kilomita za mraba 822. Ndani yake mna visiwa vya Chole, Juani na Jibondo, vyenye watu. Hawakuhamishwa. Sehemu nyingine zilifungwa kabisa. Nyingine wenyeji waliachiwa wavue kwa zana zinazokubalika. Ubishi haukukosekana, maana kumnyang'anya mvuvi wavu ni kugusa chungu cha nyumbani kwake.

Fundisho kubwa nililipata kwa kasa. Shirika la Sea Sense lilianza kazi Mafia mwaka 2001. Mwanakijiji akitoa taarifa ya kiota hulipwa kidogo. Mayai yakianguliwa huongezewa kwa kadiri ya hesabu yake. Basi kiota hulindwa kwa miezi miwili hivi. Aliyekuwa bingwa wa kufukua mayai ndiye azijuaye fukwe, naye akikubali huwa mlinzi bora. Kasa aliyeanguliwa huchukua zaidi ya miaka 20 kabla ya kutaga. Mfadhili hawezi kungoja muda huo. Mwenyeji anaweza.

Ndugu zangu, Ikombe si kisiwa, lakini Milima ya Livingstone iko mgongoni na ziwa liko miguuni. Matema twafika kwa mtumbwi au kwa njia ya mguu. Mashamba ni haba. Mama zetu hufinyanga vyungu, baba zetu huvua, na karo za wengi wetu zilitoka humo. Sasa, katika samaki wengi wa ufukweni, dume hujenga kiota cha mchanga kwenye kina kifupi, na jike hulea mayai mdomoni. Kokoro au chandarua kikiburutwa hapo, huvunja nyumba na kuzoa mama na watoto pamoja.

Sheria ya kukataza ipo. Lakini kumkataza mtu bila kumpa cha kushika ni kumfundisha kuvua usiku.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Wadogo zetu mtokao kando ya ziwa, likizo ijayo kaeni na wavuvi wazee. Waulizeni samaki huzalia wapi na miezi gani, andikeni, kisha wapelekeeni viongozi wa kikundi cha BMU. Nasi wa zamani tuchange fedha za nyavu halali kwa wale watakaokubali kusalimisha makokoro. Daftari la michango liko mezani, na jina langu ni la kwanza.