Tusingoje Matanga

Leo tutafakari habari za chombo Voyager 1, ambacho Marekani ilikirusha angani tarehe 5 Septemba 1977.

Mwezi wa Novemba 2023, kikiwa umbali wa kilomita bilioni 24, kilianza kuleta habari zisizosomeka. Agizo huchukua zaidi ya saa 22 kukifikia, na jibu vivyo hivyo kurudi. Wengi wa wahandisi waliokiunda walikuwa wamestaafu au wamefariki. Waliowarithi wakapekua makaratasi ya miaka mingi, wakagundua kipande kimoja cha kumbukumbu ya kompyuta yake kimeharibika. Wakayahamisha maagizo yake mahali pengine, na mwezi wa Aprili 2024 kikasomeka tena.

Ndugu zetu, karatasi hutuambia kilichofanywa. Mzee aliyekifanya kwa mikono yake hutuambia kwa nini. Miongoni mwetu wamo mafundi wa reli, maseremala na wakunga waliostaafu. Je, tumeketi nao? Tusingoje matanga ndipo tuulizane nani alijua. Tuwatembelee wiki hii, nao wazee wetu wasichoke kutufundisha.