UKIJENGA NYUMBA, MJUE FUNDI WAKO

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa Meru na Embu



Kila tunapokutana husema habari za mishahara, likizo na malipo ya uzeeni. Leo twataka kusema habari ya mahali mshahara wenyewe unapokwenda.

Kwa wengi wetu, kitu kikubwa tutakachonunua maishani ni nyumba. Mtu hufanya kazi miaka kumi, akaweka akiba katika chama cha mikopo, akachukua mkopo, akajenga. Akipata fundi mwema, atalala salama yeye na watoto wake. Akipata fundi mbaya, jasho la miaka kumi limemwagika.

Twamjua mwenzetu mmoja wa kiwanda cha chai, upande wa juu wa Embu. Hatutamtaja jina, maana haya yake ametuambia sisi kwa siri na kwa uchungu. Alichukua mkopo wa kulipa kwa miaka minne. Fundi akaletwa na rafiki. Hapakuandikwa neno hata moja. Fundi akaomba nusu ya fedha zote kabla ya kuchimba msingi, akapewa. Kuta zilipofika kwenye linta, fundi akaenda matanga kwao, asirudi. Mvua za mwezi wa Aprili zikaja, kuta hazina paa, na upande mmoja ukalala chini. Leo mwenzetu huyo bado anapanga chumba sokoni, na kila mwisho wa mwezi mshahara wake hukatwa. Mkopo hauulizi kama nyumba imesimama.

Ndugu zetu, mwenzetu huyo si mjinga. Ni mtu mwangalifu kazini kwake. Lakini alimwamini mtu kabla ya kumjua, na hilo laweza kumpata yeyote kati yetu.

Hasara ya fedha yaumiza, lakini iko hasara kubwa zaidi. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha, nyumba ya ghorofa ilianguka Huruma, Nairobi. Watu wapatao 50 walikufa. Ghorofa sasa zajengwa Meru mjini, Maua, Embu mjini na Runyenjes. Basi habari za Huruma si za Nairobi peke yake.

FUNDI NI NANI, NA KONTRAKTA NI NANI

Hapana budi tutenganishe mambo mawili. Fundi ni mtu mwenye ujuzi wa mkono: mwashi, seremala, fundi bomba, fundi wa umeme. Cheti chake hutokana na mtihani wa ufundi wa serikali, ambao una daraja la 3, la 2 na la 1. La 1 ndilo la juu. Mitihani hiyo husimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, yaani NITA.

Kontrakta ni mtu au kampuni iliyopokea kazi nzima kwa mkataba. Kwa sheria ya mwaka 2011, iliyounda Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, yaani NCA, kontrakta hana ruhusa ya kufanya biashara hiyo bila kusajiliwa. Makontrakta wamegawanywa katika madaraja 8. Daraja la 1 ni la wale wa kazi kubwa kabisa, na la 8 ni la wale wa kazi ndogo. Leseni huhuishwa kila mwaka. Kwa hiyo cheti kizuri kilichotundikwa ukutani miaka mitano iliyopita hakitoshi. Tazama mwaka.

Na usitosheke na karatasi uliyoonyeshwa. Karatasi yaweza kupigwa chapa mahali popote. Chukua jina na namba, ukaulize NCA wenyewe, ama ofisini ama katika orodha yao ya intaneti. Kama hujui kutumia intaneti, mwulize mtoto wako, au njoo ofisi ya chama tutazame pamoja.

Hatusemi kwamba fundi wa kijijini hafai. Wako wazee wa Imenti na wa Mbeere waliojenga nyumba zilizosimama miaka arobaini, na hawakuonyesha mtu cheti. Twasema hivi: nyumba ndogo ya chumba kimoja chini ni kazi moja, na ghorofa ni kazi nyingine. Ujuzi wa kupanga mawe sawasawa si ujuzi wa kujua zege la ghorofa litabeba mzigo gani. Huo ni ujuzi wa injinia, na injinia naye lazima awe ameandikishwa na bodi ya mainjinia. Vivyo hivyo mchoraji wa ramani awe ni msanifu aliyeandikishwa.

Tena, kabla ya kuchimba, pata idhini ya serikali ya kaunti. Sheria ya mwaka 2019 ya mipango ya ardhi yakataza kujenga bila idhini hiyo, na mwenye kuvunja sheria aweza kutozwa faini ya hadi shilingi 500,000, au kufungwa, au yote mawili. Wengine husema kwamba idhini ni gharama bure. Sisi twasema kwamba mkaguzi akija kutazama msingi kabla haujafunikwa, ni jicho la pili.

NAMNA YA KUMTAFUTA

Kwanza, usimtafute mmoja. Watafute watatu, uwape ramani moja, kila mmoja akuandikie hesabu ya vifaa na ya ufundi. Mmoja akiwa chini sana ya wenzake, usifurahi. Mwulize atapunguza nini: simiti, nondo, au mshahara wa vibarua? Wazee walisema, rahisi ghali.

Pili, mwambie akupeleke kwenye nyumba tatu alizojenga. Moja iwe imekwisha kupita mvua za masika na za mwezi wa Novemba mara mbili au tatu. Tazama pembe za madirisha, maana ufa huanza hapo. Tazama kama mlango wafunga bila kusukumwa. Kisha rudi siku nyingine peke yako, umwulize mwenye nyumba: alimaliza kwa wakati? Aliongeza bei katikati ya kazi? Alipoitwa kutengeneza, alikuja?

Tatu, na hili watu wengi hulisahau: waulize vibarua wake kama hulipwa Jumamosi. Mtu asiyemlipa kibarua wake hatakuogopa wewe. Na kibarua mwenye njaa hachanganyi zege vizuri.

Nne, mwulize habari za udongo. Nchi yetu si moja. Juu, kwenye chai na kahawa, kuna udongo mwekundu wenye kina na miteremko mikali. Huko msingi ufike kwenye udongo mgumu, na maji ya paa yapelekwe mbali na ukuta. Chini, kuelekea Mbeere na Tharaka, kuna joto na mchwa, na mchwa hula mbao za paa usiku na mchana. Na palipo na udongo mweusi wa mfinyanzi, udongo huo huvimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka, na ukuta hupasuka nao. Fundi akikuambia kwamba msingi ni ule ule popote, mshukuru kwa wakati wake, umtafute mwingine.

MKATABA NA FEDHA

Mali bila daftari hupotea bila habari. Andikeni. Mkataba usiwe mrefu, lakini uwe na haya: majina na namba za vitambulisho, ramani itakayofuatwa, nani ananunua vifaa, bei, siku ya kuanza na ya kumaliza, malipo kwa hatua, na nini kitafanyika kazi ikiharibika. Watie sahihi mashahidi wa pande zote mbili.

Malipo yafuate kazi. Msingi ukiisha na kukaguliwa, lipa wa msingi. Kuta zikifika linta, lipa. Paa likifunikwa, lipa. Plasta na sakafu, lipa. Bakiza sehemu ndogo, tuseme shilingi tano au kumi katika kila mia, mpaka mvua moja ipite na uone kama paa lavuja. Hayo yaandikwe tangu mwanzo, ili fundi asione kwamba umemdhulumu mwishoni.

Ukinunua vifaa mwenyewe, weka daftari la stoo: mifuko iliyoingia na iliyotoka, na nani aliichukua. Mfuko wa simiti ni wa kilo 50. Kwa zege la kawaida mafundi huchanganya simiti moja, mchanga mbili, kokoto nne. Mkichanganya kwa mikokoteni, hesabuni mikokoteni, msikisie kwa sepetu. Mchanga wa mtoni uwe safi, usiwe na tope. Zege likimwagwa, limwagiwe maji kila siku kwa muda wa siku 7 au zaidi, maana zege halikauki kama nguo. Hupata nguvu kwa kushika maji. Na nguzo zinazoshikilia zege la ghorofa zisiondolewe kwa haraka ya kutaka mbao. Mwenye kusema ziondolewe ni injinia.

Huhitaji kuwa mwashi ili kujua haya. Ukifika mjengoni Jumapili ukakuta timazi na pima maji vinatumika, na zege lina maji, utajua una fundi.

FUNDI NAYE NI MFANYA KAZI

Sasa twaja kwenye jambo la chama hasa. Sisi hukasirika mwajiri akichelewesha mshahara wetu. Je, sisi tukiwa waajiri, twafanyaje? Wako wanachama, nasi twaona haya kulisema, waliohamia nyumba mpya na fundi angali anadai. Wako waliomlipa kibarua nusu, wakamwambia angoje bonasi ya chai. Hayo ni makosa yale yale tunayoyapinga kiwandani.

Tena kuna hatari. Mtu akianguka kutoka jukwaani, nani atamtibu? Sheria ya fidia ya mwaka 2007 yamlazimu mwajiri kumlipa mfanya kazi aliyeumia kazini, na kuwa na bima. Kazi ikiwa mikononi mwa kontrakta, mwulize bima yake kabla ya kutia sahihi. Ukiwaajiri vibarua wewe mwenyewe, mwajiri ni wewe. Basi majukwaa yawe ya mbao imara zilizofungwa vizuri, si vijiti vya mbarugamu vilivyofungwa kwa kamba ya ndizi. Mashimo yazungushiwe uzio. Ukiokoa shilingi mia tano katika misumari, ukampoteza baba wa watoto, umeokoa nini?

MKIGOMBANA

Mkigombana, kaeni kwanza na mashahidi wenu na daftari lenu. Mambo mengi huishia hapo kama yaliandikwa. Yasipoisha, kuna Korti ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, inayosikiza madai ya hadi shilingi milioni moja, na imeagizwa kumaliza kesi kwa muda wa siku 60. Kama kontrakta amevunja masharti ya leseni yake, mshtaki kwa NCA. Asiye na leseni hana kitu cha kunyang'anywa. Na hiyo ni sababu nyingine ya kumtafuta aliye nayo.

OMBI LETU

Twaomba kila tawi, Meru na Embu, lifungue daftari la mafundi na makontrakta. Mwanachama akimaliza nyumba, aje aandike: jina, namba ya leseni aliyoihakikisha, kazi iliyofanyika, na kama ilimalizika kwa wakati. Asiandike uvumi wala chuki, aandike aliyoyaona. Na fundi naye akija kusema kwamba mwanachama wetu hajamlipa, hilo nalo liandikwe, na halmashauri imwite mwanachama huyo.

Hivyo kijana atakayechukua mkopo mwaka ujao hataanza gizani kama mwenzetu wa kiwanda cha chai. Yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kukubali jambo lake liandikwe katika daftari hilo. Ametuambia bado anataka kujenga. Safari hii, asema, atakuja ofisini kwanza.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Sisi hata ukuta wenyewe tumeujenga mara mbili. Tuwe na umoja, na tuwe na daftari.

Wenu katika kazi,
Halmashauri