Njombe ina chakula, watoto wamedumaa

Msikilizaji, baada ya habari, tubaki Njombe kidogo. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani humo wamedumaa. Kitaifa ni asilimia 30. Na huko milimani Makete viazi vinajaza malori! Tatizo, basi, si ghala tupu. Mama anarudi shambani jioni, mtoto ameshinda na uji wa sembe mtupu, bila maharage, bila yai. Ubongo wake nao unadumaa. Wapo wanaosema elimu ya lishe inatosha. Kweli inasaidia, ila haimpunguzii mama jembe. Swali ni hili: saa sita mchana, nani amlishe mtoto huyo?