Likizo ya Ugonjwa kwa Mwenye Maradhi ya Kudumu: Siku 126 Zitumikeje?

Mada kwa maofisa rasilimaliwatu na viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi

1. Utangulizi

Mfanyakazi akivunjika mguu, kila ofisi inajua la kufanya: analeta ED (cheti cha daktari cha kupumzika kazi), anapumzika, anapona, anarudi. Mwenye figo zilizoshindwa kazi, selimundu au kisukari haendi hivyo. Leo yuko kazini mzima, kesho amelazwa, wiki ijayo anaomba kutoka mapema awahi kliniki. Hoja yangu ni moja: tukimkatia likizo kwa kila kliniki, siku ya kulazwa itamkuta hana kitu. Kliniki ipangiwe ratiba. Likizo iwekwe kwa ajili ya kuzidiwa.

2. Sheria inasemaje

Hapa Tanzania, kifungu cha 32 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinatoa siku zisizopungua 126 katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza ni za mshahara kamili, 63 zinazofuata ni za nusu mshahara. Asiyeleta cheti cha daktari, mwajiri halazimiki kumlipa. Hicho ni kiwango cha chini, hivyo mkataba wa hali bora unaweza kuongeza. Likizo ya mwaka ya siku 28 ni haki nyingine kabisa. Haichukuliwi badala ya likizo ya ugonjwa.

Kwa jirani zetu wa Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaanzia siku saba za malipo kamili na saba za nusu kwa mwaka. Sisi tumepewa nyingi zaidi, ila tunazitumia ovyo.

3. Hesabu ya karani wa stoo

Tuchukue mfano wa karani wa stoo anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki, kila mara takribani saa nne mashineni. Ofisi ikiandika kila awamu kuwa siku nzima, siku zake 63 za mshahara kamili zinakwisha wiki ya 21, na za nusu mshahara wiki ya 42. Mwaka haujaisha, naye hana hata siku moja, ilhali mzunguko umebakiza zaidi ya miaka miwili.

Sasa tumpange upya. Hospitali ikimpa awamu ya jioni, anaingia saa moja asubuhi na kutoka saa nane mchana. Awamu nyingine ikiangukia Jumamosi asiyo na zamu, likizo haiguswi. Wapo wanaoshuka mashineni hoi, wasioweza ratiba hiyo. Ndiyo maana mgonjwa aulizwe kwanza, asipangiwe akiwa hayupo.

Selimundu ina mambo yake, kwa sababu maumivu hayaji kwa miadi. Baridi, kukosa maji ya kutosha na kazi ya kutumia nguvu nyingi huyachochea. Kumhamisha mtu kutoka chumba cha baridi na kumruhusu kuwa na chupa ya maji mezani hakuigharimu kampuni chochote cha maana, na kunaweza kumpunguzia siku za kulala wodini.

4. Siri ya mgonjwa

Fuateni safari ya ED moja. Inaanzia kwa msimamizi wa zamu, anaisoma akiwa amesimama kaunta, anampa mwenzake aipeleke ofisini. Kabla haijafika kwenye faili, zamu nzima imeshajua mtu anaumwa nini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Msimamizi anatosha kujua mtu hayupo siku ngapi. Cheti kiende kwa ofisa mmoja, kwenye bahasha iliyofungwa.

5. Siku zikiisha

Kuisha kwa siku 126 si barua ya kuachishwa kazi. Mwajiri anatakiwa awe na sababu halali na afuate utaratibu: azungumze na mfanyakazi, apime ugonjwa utaendelea kwa muda gani, atafute kazi nyepesi au ya namna nyingine. Aliyeachishwa na kuona ameonewa ana siku 30 za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ugonjwa uliotokana na kazi yenyewe upelekwe Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi.

6. Kazi ya vikundi

Kila kikundi kiandike kipengele cha mkataba wa hali bora kinachojibu maswali haya:

(a) Saa za kliniki zitahesabiwaje bila kukata siku nzima?
(b) Nani pekee atashika cheti cha daktari?
(c) Mfanyakazi akibakiza siku 30, nani atamwita wazungumze, na kuhusu nini?

Kipengele cha (c) ndicho ambacho mikataba mingi inakikosa. Tuanze nacho.